Asidi ya fulviki: jina moja, molekuli maelfu

Mwombe mwenzako wa kemia akuandikie fomula ya asidi ya sitriki, ataandika hata akiwa anasinzia. Sasa mwombe ya asidi ya fulviki. Atakuna kichwa, na wala asijilaumu, maana fomula hiyo haipo.

Jina hili limetokana na kazi ya maabara, si umbo la molekuli. Unachukua udongo wenye mboji, unauloweka kwenye haidroksidi ya sodiamu, unapata maji meusi kama kahawa. Unachuja, kisha unatia asidi mpaka pH ifike 1. Masimbi ya kahawia yanayotuama chini ndiyo asidi ya humiki. Kilichobaki kimeyeyuka, chenye rangi ya manjano, ndiyo fulviki. Msweden Sven Odén ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1919, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya umanjano. Kwa hiyo ukiona kichupa cha matone kimeandikwa “fulviki safi asilimia 100”, jiulize: safi ya nini? Ni mchanganyiko wa maelfu ya molekuli.

Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliuliza swali gumu kwenye jarida la Nature: je, vitu hivi vipo kweli udongoni, au ile alikali kali ndiyo inayovizalisha? Kwa udongo, hoja yao ina uzito. Ila mtoni mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu huko maji yenyewe yameshafanya kazi ya kuyeyusha. Nenda mto Ruki, unaoingia mto Kongo karibu na Mbandaka: maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyokolea, kwa ajili ya majani na mboji za misitu inayofurika. Hapo hakuna mtu aliyemwaga alikali.

Kinachozibeba molekuli hizi majini ni vikundi vya kaboksili. Vinaachia protoni kuanzia pH 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo kwenye maji mengi ya mito vina chaji hasi. Chaji hiyo inazifanya ziyeyuke, tena zishike ioni za chuma na shaba. Ndiyo maana mto mweusi unaweza kubeba chuma kingi ambacho kwa kawaida kingetuama kama kutu, na shaba iliyoshikwa namna hiyo huwadhuru samaki kidogo kuliko iliyo huru.

Shida inaanza tunapotaka kuyanywa maji hayo. Klorini hushambulia pete za fenoli zilizomo, inazivunja, na miongoni mwa vinavyotoka ni klorofomu. Mkemia Johannes Rook aligundua hilo Rotterdam na kulichapisha mwaka 1974. Kabla yake klorini ilihesabiwa kuwa rafiki tu. Leo Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango elekezi cha klorofomu kuwa miligramu 0.3 kwa lita. Lakini jamani, mtu asisome hapa akaacha kutibu maji! Shirika hilohilo linasisitiza kwamba hatari ya vijidudu ni kubwa zaidi. Kipindupindu hakisubiri miaka 20.

Halafu kuna hasara isiyosemwa sana: fulviki inakula klorini. Unatia kipimo kilekile ulichozoea kwenye maji angavu, kinamalizwa na rangi, vijidudu vinabaki vinakutazama. Ndiyo maana rangi iondolewe kwanza. Shabu inasaidia, kwa kuwa alumini yenye chaji chanya hukamata chaji hasi na kutuama nayo, hasa pH ikiwa chini kidogo ya 7. Humiki inatoka kirahisi. Fulviki, kwa udogo wake na wingi wa chaji, ndiyo inayosumbua. Inayobaki hupunguzwa kwa mkaa amilifu.

Kwa wanaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho: chuja maji ya kijito chenye rangi, pima ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 254 kabla na baada ya shabu. Pete za molekuli hizi hufyonza mwanga huo, kwa hiyo tofauti ya namba mbili itakuonyesha ni kiasi gani kimetoka, na kwa mashine ambayo maabara nyingi za kemia tayari zinayo.