Saa ya mteja ina dakika ngapi?

Wakufunzi wa mazoezi wanaoanza kazi hii Dar es Salaam hukwamishwa na ratiba kuliko vyuma. Haya ni majibu ya maswali yao ya kila siku.

Kipindi kimoja kiwe cha muda gani?

Kwa mteja wa kawaida, dakika 45 zinatosha: 8 za kupasha mwili moto, 30 za kazi, 7 za kupoa na kujinyoosha. Piga hesabu. Seti nne za skwati, kila moja sekunde 40, na mapumziko ya dakika mbili kati yake, zinakula karibu dakika 9. Zile 30, pamoja na kubadilisha vyuma, zinabeba mazoezi matatu mazito. Ukilazimisha matano utakata mapumziko, na mteja atainua seti ya mwisho kwa mgongo badala ya mapaja.

Mteja anasema nampunja. Nimjibuje?

Mfungulie daftari: alianza na kilo ngapi, leo anainua ngapi. Kisha mweleze kwamba mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya misuli angalau siku mbili. Vipindi viwili na wewe vinatosha kwa misuli. Kutembea haraka anaweza mwenyewe, bila kukulipa.

Kila siku anachelewa dakika 20, kisingizio foleni.

Foleni ya Mwenge jioni ni ya kweli, lakini hata mteja anayemfuata ameipita. Kipindi kiishe saa iliyopangwa. Akibakiwa na dakika 25, mpashe mwili kama kawaida, kisha zoezi moja, basi. Sheria hii aisikie kabla hajalipa. Akizidi kuchelewa, mhamishie alfajiri.

Na anayeghairi dakika za mwisho?

Pokea malipo ya mwezi mapema. Akitoa taarifa saa 24 kabla, mpangie siku nyingine wiki hiyo hiyo. Asipotoa, kipindi kimehesabiwa. Msiba na ugonjwa visiguswe na sheria hii. Ukimtoza aliyefiwa, utapata ada ya siku moja na kupoteza mtaa mzima.

Nichukue wateja wangapi kwa siku?

Wengi wanataka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Ukiacha dakika 15 kati ya vipindi, wanaingia wawili asubuhi na watatu jioni. Dakika hizo ni za kuandika uzito, kufuta benchi na kumpokea anayefuata. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga wasogeze baada ya futari. Wateja wakizidi nafasi, waunganishe wawili wa kiwango kimoja kwa bei nafuu kidogo, lakini zile 15 usiziuze.