TUIMARISHE MIGUU YETU

Sisi wa Nyamwage tunachuchumaa kila siku: jikoni, shambani na kisimani. Je, tunajua kwamba kuchuchumaa na kuinuka ni zoezi la kuzuia kuanguka?

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Wengi ni wazee. Mzee akivunjika nyonga, shamba linalala, na mtu mwingine anakaa nyumbani kumuuguza.

Kwa nini hatuanguki?
Macho hutazama. Sikio la ndani huhisi mwili ukiinama. Nyayo na vifundo vya miguu huhisi ardhi. Ubongo hupokea habari hizo, halafu huiamuru misuli.

Kwanza: ardhi ngumu
Simama penye udongo mgumu. Panua miguu kama upana wa mabega. Chuchumaa polepole, visigino visiinuke. Kisha inuka. Rudia mara 10. Hapo mapaja na makalio hupata nguvu, maana aliyesimama imara husukuma kwa nguvu zake zote.

Pili: mahali laini
Baada ya wiki chache, fanya hivyo hivyo juu ya mchanga laini, au gunia lililotiwa pumba nusu na kulazwa chini. Miguu itayumba. Ndiyo shule yenyewe hiyo! Vifundo hujifunza kujirekebisha upesi, kama vya mvuvi wa delta anayesimama mtumbwini. Lakini usibebe mzigo hapo. Nguvu nyingi huishia katika kujizuia usianguke.

Lipi ni bora?
Tunahitaji yote mawili. Ardhi ngumu hutupa nguvu. Mahali laini hutufundisha kutoyumba. Mwenye nguvu bila mafunzo huteleza kwenye tope la mpunga. Mwenye mafunzo bila nguvu hawezi kujiinua.

Tahadhari
Wazee washike nguzo, wachuchumae nusu tu, na mtu awe karibu. Tufanye mara 3 kwa wiki. Goti likiuma, acha, nenda zahanati.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tunaanza na ardhi ngumu?
2. Kwa nini tusibebe mzigo mahali laini?
3. Nyumbani kwako ni wapi mzee anaweza kuanguka? Mtafanya nini?