Uzio wa Minyaa: Chunga Macho ya Watoto na ya Mifugo



Mnyaa, ambao Wamasai huuita emanyara, hauhitaji kuelezwa kwa mtu anayeishi bomani. Chomeka kijiti ardhini, kitachipua bila mbolea wala kumwagiliwa. Ukame hauuui upesi, na mbuzi mwenye malisho hana haja nao. Kwa hiyo sikuandikii ili ung'oe uzio wako. Nakuandikia kuhusu maziwa yake.

Kila tawi la mnyaa lina utomvu mweupe. Ukivunja tawi hutoka papo hapo, ukikata kwa panga huruka. Kwenye ngozi huwasha na huweza kutoa malengelenge. Ukimezwa huchoma mdomo na tumbo, mtu akatapika na kuharisha. Lakini hatari kubwa ni jicho. Maumivu na uvimbe huweza kuzidi saa nyingi baadaye, na hapo ndipo tunapokosea: jioni mtoto anasema ana nafuu, asubuhi hawezi kufungua jicho.

Kuna familia niliyoishauri mimi mwenyewe ipande minyaa kuzunguka kizimba cha vitoto vya mbuzi, maana uzio wao wa miiba ulikuwa unaliwa na mchwa. Uzio ukastawi vizuri. Kijana wao wa miaka sita, ambaye ndiye huvitoa vile vitoto asubuhi, akavunja kijiti cha kuswagia, kisha akajifuta jicho. Bibi akamtia maziwa ya mbuzi. Zahanati walifika siku ya pili, na mtoto alikaa zaidi ya wiki bila kuona vizuri kwa jicho lile. Alipona. Mimi niliposhauri sikuuliza ni nani anayefungua kizimba kila siku.

Utomvu ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi, mengi, yanayotiririka polepole, kwa dakika 20 au zaidi. Mlaze mtoto ubavu, jicho lililoumia liwe upande wa chini ili maji yasiingie jicho la pili. Mtu mmoja ashike kope, mwingine amimine kwa kibuyu au birika. Asisugue. Usitie maziwa, asali, mkojo wala dawa ya macho iliyobaki kwa jirani, kwani baadhi ya dawa hizo hudhuru zaidi jicho lenye kidonda. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Aliyemeza asukutue mdomo, asilazimishwe kutapika, apelekwe pia.

Mbwa, ndama na mbuzi huoshwa macho vivyo hivyo, kisha mwite mtaalamu wa mifugo. Naomba sana: ile dawa ya kupuliza ya vidonda si ya macho. Wakati wa njaa kali, au matawi yaliyokatwa yakiachwa zizini, mnyama huweza kuutafuna mnyaa. Utamwona anatoka mate mengi, anakataa kula, anaharisha. Mwondoe hapo, mpe maji, na utoe taarifa.

Sasa uzio wenyewe. Upande wa mlango, wa kizimba cha vitoto na wa mahali watoto wanapochezea, weka matawi ya miiba hata kama ni kazi ya kila mwaka. Minyaa ibaki upande wa nje. Ukipogoa, vaa mikono mirefu na miwani, simama upepo ukitokea mgongoni kwako, na watoto wawe mbali. Utomvu ulioganda mkononi utoe kwa mafuta ya kupikia kwanza, halafu sabuni. Panga nalo lioshwe. Matawi usiyatumie kama kuni, moshi wake huchoma macho, wala usiyatupe karibu na maji ya kunywa.

Wengine wameniuliza kama wabadilishe wapande mbono. Mbegu za mbono nazo ni sumu, na watoto huzila wakidhani ni karanga. Pale mlangoni, miiba ni bora kuliko vyote viwili.