Mchezo wa uhusika Kolwezi: joka halina kazi hapa

Mchezo wa uhusika wa mezani hautaki umeme wala skrini. Unataka watu wanne au watano, karatasi, kalamu na dadu mbili. Mmoja anaendesha; wengine kila mmoja anashika mtu wake na kusema anachofanya. Pakitokea jambo lenye mashaka, dadu inaamua. Haya ndiyo maswali yanayojitokeza mapema mtu akitaka kuuanzisha Kolwezi, mkoani Lualaba.

Yaya, kwa nini vitabu vya mchezo huu vimejaa mapango na majoka? Ndivyo ulivyozaliwa?

Ndivyo ulivyouzwa. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974, na tangu hapo wengi huamini kwamba lazima pawe na shimo la chini, mnyama wa kuua na hazina ya kubeba. Lakini miaka mitano kabla, mwaka 1969, kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, alikuwa ameandaa mchezo wa vita kuhusu mji wa kubuni uitwao Braunstein. Badala ya kuwapa wachezaji wote majeshi, baadhi aliwapa watu wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Kabla vita havijaanza, watu hao walikuwa wamekwisha kwenda pembeni kupatana, kudanganyana na kutishana. Wesely alidhani mchezo umemharibikia. Wachezaji wakadai urudiwe.

Ushauri wangu: anza na Braunstein, joka liache. Kolwezi ni mji wa migodi na masilahi yanayogongana, na shimo la chini tunalo la kweli.

Basi wahusika wawe akina nani?

Chukua mtaa wa Kasulo. Inasimuliwa kwamba mwaka 2014 mkazi mmoja akichimba katika kiwanja chake alikuta jiwe lenye kobalti nyingi, na muda mfupi baadaye watu walikuwa wanatoboa sakafu za vyumba vyao. Mwaka 2017 serikali ya mkoa ikawahamisha wakazi wa sehemu ya mtaa na kuizungushia ukuta. Mchezo wako uweke katika miezi ya kati, ambapo kila mtu anajua na hakuna aliyeruhusiwa.

Mama mwenye nyumba, ambaye mpangaji wake anataka kuchimba sebuleni. Mpangaji mwenyewe. Mtu aliyetoa pesa za kamba, tochi na chakula, na sasa anadai fungu lake. Mnunuzi wa jiwe mwenye depo Musompo. Jirani ambaye ukuta wake umeanza kupasuka. Kila mmoja mpe karatasi moja yenye mambo matatu tu: anachotaka, anachoficha, na mtu mmoja mezani asiyeweza kumkosa. Hilo la tatu ndilo watunzi wengi husahau, na bila hilo wachezaji hukaa kila mtu na njama yake, hawakutani.

Polisi wa migodi na viongozi wawe mikononi mwa mwendeshaji. Ukimpa mchezaji bunduki mapema, mazungumzo yamekwisha.

Dadu za pande 20 sizipati sokoni. Nifanyeje?

Huzihitaji. Tumia dadu mbili za ludo, ujumlishe. Ukipata 10 au zaidi, umefanikiwa. Kuanzia 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna unachopoteza. Chini ya hapo, mwendeshaji anasema nini kimeharibika. Vincent na Meguey Baker ndio walioueneza utaratibu huu kwa Apocalypse World ya mwaka 2010. Kati ya matokeo 36, mafanikio safi ni 6, ya gharama ni 15, mabaya ni 15. Anayefanya kazi anayoijua mwongeze 1: inakuwa 10, 16 na 10. Tazama hiyo 16 katikati. Mara nyingi mtu anapata na kulipa, na hapo ndipo hadithi inapokaa.

Kuchimba kwenyewe nisingekuachia dadu. Chukua karata zilizochanganywa, funua moja kwa kila mita. Nyekundu ni gunia la jiwe. Nyeusi ya tatu ni maporomoko. Mchezaji anaweza kupanda juu wakati wowote, na karata zilizofunuliwa hazirudishwi. Usimshauri. Nyamaza, umwache ahesabu.

Na biashara je? Vijana wangu wanapenda kubishana bei.

Hapo usirushe chochote. Kila aliyewahi kuuza jiwe anajua kisa cha Metorex, kile kifaa cha kupima kiwango cha madini: namba huiona mnunuzi, na wachimbaji wengi hawaiamini namba wanayotajiwa. Kwa hiyo mwendeshaji aandike kiwango cha kweli kwenye kikaratasi, akikunje, ampe mnunuzi peke yake. Mnunuzi atamke namba anayotaka. Muuzaji anaweza kukubali, au kupeleka mzigo depo nyingine kwa kulipa usafiri, na huko pia hataonyeshwa kikaratasi. Hakuna sura ya kanuni itakayoufundisha uchumi wa kobalti kuliko dakika kumi hizi.

Mimi ni mwalimu Manika. Hadithi niiandike yote kwanza, au?

Usiandike, mwalimu. Katanga ina wakubwa wa kazi hii. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana kwa maigizo ya Kiswahili yasiyo na maneno yaliyoandikwa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata wakitunga igizo kutokana na usemi kwamba mamlaka huliwa mazima: walijadili maana yake, wakagawana nafasi, wakapanga matukio, kisha kila mwigizaji akajitafutia maneno. Fanya vivyo hivyo, ila mwisho usiupange. Mwendeshaji mwenye mwisho mfukoni huwaburuta wachezaji kuuelekea, nao huanza kutazama simu.

Na mcheze kwa Kiswahili mnachotumia mkibishana nyumbani. Kifaransa kitawafanya wakae kama kwenye mtihani.

Mchungaji wetu anasema huu ni uchawi. Nimjibu nini?

Mwalike akae atazame. Marekani walipitia hofu hiyohiyo miaka ya 1980, na makanisa mengi yalipiga kelele. Ila usimcheke mchungaji, maana hapa neno hilo lina uzito mwingine: kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa mtoto mchezaji apewe nafasi ya mlozi, hata kwa utani. Mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki wa kwenye michoro yetu, aweza kutokea mtoni akatoa ahadi ya utajiri. Huyo ni wa hadithi, hafanani na jirani yeyote.

Ndugu yangu alifukiwa shimoni. Ni haki kuucheza msiba kama huo?

Pole sana, ndugu. Jibu ni la mezani kwenu, na liulizwe kabla dadu haijaguswa. Juni 2019 maporomoko katika mgodi wa KOV yaliua makumi ya wachimbaji. Kolwezi ni vigumu kukusanya watu watano pasiwe na mwenye jeraha. Kwanza, kila mtu ataje jambo ambalo halitatokea kabisa. Pili, taja mambo yanayoweza kutokea lakini yasisimuliwe kwa kina. Tatu, weka karata moja katikati ya meza: atakayeigusa, tukio linarukwa, na haulizwi sababu. Shimo la mchezo lisipewe jina la shimo la kweli. Na mtu wako akifa, usikae pembeni. Chukua karatasi ya mjane, au ya anayekuja kudai deni.

Nataka mchezo wa zamani, wa wafalme.

Unao Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891 wakati msafara ulioongozwa na Stairs ulipokuja kuidai nchi kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko fanya mchezo wa baraza. Kwa kutunza kumbukumbu za vikao, tazama lukasa ya Waluba, ubao wa shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole wakisimulia wafalme na safari zao. Chukua kipande cha ubao, na kila kikao kikiisha gongomea shanga moja.

Kwa mara ya kwanza, chagua Kasulo, watu watano na saa mbili. Usinunue kitabu. Andika zile karatasi tano wewe mwenyewe, na ile ya mama mwenye nyumba mpe mchezaji hodari kuliko wote, kwa sababu sakafu ni yake.