*CHUNGU CHA 17: UGONJWA SI DHAMBI, USIUFICHE KAMA DHAMBI*



Ndugu zangu wa Masasi, Newala na popote mlipo, poleni na swaumu.

Tumefundishwa kusitiri. Mtu akikosea usiku na Mola wake akamsitiri, asiamke asubuhi akajitangaza. Hadithi hii ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Ila inazungumzia dhambi. Sisi tumeichukua tukaiweka hadi kwenye maradhi. Mtu akiumwa malaria anasema, akiwa na presha anasema. Lakini akikosa usingizi wiki tatu, roho imebanwa, hana hamu ya kula wala kuongea na wanawe, hapo anafunga mdomo. Anaogopa kuitwa chizi, au kuambiwa imani yake ndogo.

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na wanawe wakamlaumu kwa kutoacha kumtaja (Yusuf, 84-85). Je, imani yake ilikuwa ndogo? Allah hakuificha huzuni ile. Tunaisoma mpaka leo.

Na Imam Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiya, Baghdad. Ulimi ukafungika, akashindwa kufundisha. Chakula hakipiti, nguvu zikamwisha, na madaktari wakasema jambo hili limeanzia moyoni. Baadaye aliyaandika yote hayo mwenyewe, katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal. Angenyamaza, nani angejua?

Nami niseme langu. Miaka kadhaa nyuma, baada ya kumzika mama, usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nasimama mbele ya watu kuswalisha, moyo unadunda kama mtu anayekimbizwa. Wengine wakasema nimetupiwa kitu kwa ajili ya shamba la mikorosho. Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu mmoja. Alinivuta pembeni akaniambia, "Sheikh, hata mimi yalinikuta, nilitibiwa hospitali." Maneno hayo tu. Wiki ile ile nilikwenda kumwona daktari, nikatumia dawa kwa miezi, na kisomo changu sikukiacha. Alhamdulillah, hivi leo nawaandikia.

Sasa tuchukue mambo matatu:

*1.* Kama uliumwa ukapona, au bado uko kwenye dawa, mwambie mmoja unayemwona anapita njia hiyo hiyo. Si lazima usimame msikitini. Na sema lako tu, la mwenzio ni amana.

*2.* Usikatishe dawa kwa sababu ya kufunga. Muulize daktari kama saa za dawa zinaweza kuhamia futari na daku. Akikuambia kufunga kutakudhuru, ile ruhusa ya mgonjwa (Al-Baqara, 184-185) ni yako pia. Mgonjwa wa akili naye ni mgonjwa.

*3.* Kama mawazo yamefika mahali pa kutamani kufa, mwambie mtu leo hii, usingoje futari. Na wewe utakayeambiwa, usimhubirie. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Watu wakisikia matibabu ya akili wanafikiria Mirembe ya Dodoma tu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ikihitajika, utapewa rufaa.

Dua na dawa havigombani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Allah amkinge na hamu na huzuni, na yeye huyo huyo ndiye aliyetuamrisha tujitibu.

Leo ukikaa kufuturu, mwangalie aliyenyamaza sana siku hizi. Pengine anasubiri kusikia "hata mimi" kutoka kwako.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na waliojificha. Amin.

Wabillahi tawfiq.