TUWACHEZESHE WADOGO WETU



Mara ngapi mdogo wetu ameshika kaye yetu, na sisi tukamfukuza: «Wacha, utaichafua!» Halafu, siku ya kuingia kalasi ya kwanza, tunashangaa kuona anaogopa herufi. Kosa ni letu.

Kusoma hakuanzi na kitabu, kunaanza na sikio. Jioni, tukichambua mboga ao tukiosha vyombo kando ya ziwa, tumpigishe makofi: zi-wa, mawili, Lu-ku-ga, matatu, Ka-le-mi-e, manne. Kisha tumuulize: neno gani lingine linaanza na «ka»? Atatafuta: kalamu, kanisa, karanga. Hapo amekwisha kusikia vipande vya neno, na Kiswahili kinaandikwa vile vile, kipande kwa kipande.

Kesho yake tuandike KA ndani ya muchanga kwa kidole, naye afuate. Akikosa, anafuta kwa mukono, hakuna fimbo. Akichoka, tumuache.

Programu ya inchi yetu inataka mtoto wa huku aanze kusoma kwa Kiswahili, kisha Kifaransa. Basi mchezo huu si wa bure, na hauombi hata franga moja. Nani kati yetu ataanza leo jioni?