Kuanzisha Kampuni Pamoja na Rafiki

Mwezi huu twataka kulitazama jambo ambalo watu wa Temeke hulizungumza mara nyingi, huko Tandika, Mtoni na Mbagala. Rafiki wachache hukaa barazani jioni. Mmoja ana fedha kidogo, wa pili aijua kazi, wa tatu ana mahali pa kuifanyia. Ndipo husema, "Na tuanzishe kampuni, lakini yetu isiwe kama nyingine, yetu iwe ya haki." Neno hilo ni jema, wala hatulidharau. Ila twauliza: Haki hiyo itakaa wapi siku ile faida itakapokuja, au siku ile hasara itakapobisha hodi? Hilo ndilo somo letu.

Ili tuelewane, tuseme kwamba rafiki 5 wa Tandika wataka kununua mashine ya kusaga na kuuza unga wa dona. Nia zao ni tatu: unga safi, kipimo kamili, na ujira ulipwao siku yake. Tutafuatana nao mpaka mwisho wa somo.

1. Rafiki ni wa kazi gani?

Rafiki aweza kutia fedha, au kutia kazi, au kutia shauri. Mambo haya ni matatu, wala si moja. Watu wakiyachanganya, kila mmoja hufanya hesabu yake moyoni, na hesabu za moyoni hazilingani kamwe.

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Zamani tulishirikiana na rafiki wawili kununua mchele na kuuza. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini mmoja alihesabu fedha aliyoitoa. Wa pili alihesabu siku alizosimama dukani. Na sisi tulihesabu safari za kwenda kuutafuta mchele. Siku ya kugawana, kila mtu aliona amedhulumiwa, na kila mtu alisema kweli kwa hesabu yake. Fedha tuliyogombania ilikuwa kidogo. Urafiki uliopotea ulikuwa wa miaka mingi. Wazee walikwisha kutuonya: Mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba na urafiki pia hupotea njia ile ile.

Basi yafaa tangu siku ya kwanza iandikwe nani atia nini, na kila kitu chahesabiwa kuwa na thamani gani. Tena, afadhali shauri litafutwe kwa rafiki asiye na fungu katika faida, maana hana sababu ya kutubembeleza. Lakini tusimwulize, "Je, shauri letu ni zuri?" kwa kuwa adabu itamfanya ajibu ndiyo. Tumwulize hivi: "Wewe watujua sote. Ni nani kati yetu atakayeshindwa kwanza, na kwa jambo gani?" Akijibu kwa kweli, tusimkasirikie. Jibu hilo lina faida kuliko mkopo.

2. Nia na igeuzwe kuwa tendo

"Unga safi" ni maneno tu mpaka yapewe kipimo. Mahindi yakikaushwa vibaya na kuwekwa penye unyevu, huota ukungu, na ukungu mwingine hufanya sumu iitwayo sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Katika mwaka wa 2016 watu waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengine walikufa. Kwa hiyo usafi wa unga si pambo la kuandikwa juu ya mfuko. Ni uhai wa mtoto alaye uji.

Sasa fikirini miezi ile mahindi yanapokuwa ghali. Gunia limefunguliwa, na sehemu yake imeota ukungu. Rafiki wa kwanza asema, "Litupwe." Wa pili asema, "Tuchanganye kidogo tu, hakuna atakayejua." Hapo ndipo nia inapoonekana kama ni nia kweli. Kama kanuni yao yasema tu, "Tutauza unga safi," watabishana usiku kucha. Lakini kama yasema, "Punje mbovu zitachaguliwa na kutupwa kabla ya kusaga, hata bei ikipanda, na hasara yake itatolewa katika faida yetu, si katika ujira wa vibarua," hakuna la kubishania. Gharama ilikwisha kukubaliwa wakati mioyo ilipokuwa imetulia.

Hii ndiyo shabaha ya somo lote: nia isiyotajiwa gharama yake ni tamaa njema tu. Iandikwe pamoja na gharama, na itajwe ni nani atakayeilipa.

3. Wafumaji wa Rochdale

Katika mji wa Rochdale, nchi ya Uingereza, walikuwako watu maskini, wengi wao wafumaji wa nguo. Wenye maduka waliwauzia vyakula vilivyochanganywa na takataka, kwa mizani isiyo ya haki. Katika miaka ya 1830 wenyeji wa mji ule walikwisha kujaribu kuwa na duka lao, likafa kwa sababu ya kukopesha. Basi watu 28 walichanga pole pole, kila mtu pauni moja, wakafungua duka tarehe 21 Desemba 1844. Lilikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa, wala si vingi.

Hawakusema tu kwamba watakuwa waaminifu. Waliweka kanuni: vyakula visivyochanganywa, kipimo kamili, kuuza kwa fedha taslimu, bila kukopesha, kila mshiriki kura moja, awe na mali nyingi au kidogo, na faida kugawiwa kwa kadiri ya vitu ambavyo mtu amenunua. Tazameni kanuni ya kutokopesha. Ilikuwa ngumu kwa rafiki na jirani, lakini ilitoka katika kaburi la duka lile la kwanza. Hivyo duka likadumu, na mfano wake ukaenea katika nchi nyingi.

Lakini kuna habari ya pili, nayo husimuliwa mara chache. Katika mwaka wa 1854 watu wa Rochdale walianzisha kiwanda cha pamba. Walipatana kwamba wafanya kazi nao wapewe fungu la faida, pamoja na wenye hisa. Kiwanda kikastawi, kikahitaji fedha zaidi, na mlango ukafunguliwa kwa wenye hisa wapya. Hao wengi wao walikuja kwa ajili ya faida, si kwa ajili ya nia ya kwanza. Katika mwaka wa 1862 walipiga kura, na fungu la wafanya kazi likaondolewa. Hakuna aliyevunja sheria. Nia ilitoka kwa mlango ule ule ambao fedha iliingia.

4. Wachoraji wa Kinondoni

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwa nchi yetu, alianza kuchora picha Dar es Salaam katika mwaka wa 1968. Alitumia rangi za kung'aa, kama zile zipakwazo baiskeli, juu ya mbao nyembamba za kiwandani. Picha ziliuzwa kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, katika upande wa Kinondoni. Aliwafundisha jamaa na rafiki zake. Katika mwaka wa 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine.

Mwalimu alikwenda ghafula, kazi ikabaki mikononi mwa wanafunzi. Katika mwaka wa 1977 walifanya ushirika wao, na katika mwaka wa 1990 wakawa chama cha ushirika kinachojulikana kwa jina la mwalimu wao. Jina la Tingatinga sasa lajulikana duniani, na wako wengi wachorao kwa namna ile ambao si wa chama. Hapa twaona mambo mawili. Kwanza, urafiki na ujamaa vyaweza kuurithisha ufundi bila karatasi yo yote. Pili, watu wakitaka kushika pamoja jina, mahali na mapato baada ya mwanzilishi kufa, hawana budi kuwa na chama chenye kanuni. Rafiki zetu wa Tandika nao wajiulize: mmoja wetu akifa kesho, mjane wake atapewa nini, na nani ataushika ufunguo wa mashine?

5. Namna tatu za kushirikiana

Sheria za Tanzania zatoa njia nyingi. Sisi twataja tatu.

Ya kwanza ni ubia. Ni rahisi kuuanza, lakini kila mbia adaiwa madeni yote ya kazi, hata kwa mali yake ya nyumbani. Rafiki mmoja akikopa ovyo kwa jina la kazi, mwenzake aweza kupoteza kiwanja chake.

Ya pili ni kampuni yenye hisa, chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, isajiliwayo BRELA. Hapo deni la mwenye hisa lina mpaka, yaani hisa zake. Lakini kwa kawaida kura hufuata hisa. Kubadili katiba ya kampuni kwahitaji azimio maalumu la robo tatu ya kura. Maana yake ni hii: waanzilishi wakiiandika nia yao katika katiba, wasiuze hisa mpaka wabaki na robo au pungufu. Wakishika zaidi ya robo, nao wakiwa na neno moja, nia haiwezi kufutwa bila wao. 

Ya tatu ni chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Huko kila mwanachama ana kura moja. Yafaa kwa watu wengi wenye haja moja. Kwa rafiki 5 wenye mashine moja huenda kampuni ikafaa zaidi. Kila kundi na lichague kwa kadiri ya kazi yake, wala lisifuate jina tu.

6. Kabla ya kutia sahihi

Rafiki wa Tandika na wakae tena barazani, wakiwa na daftari, wayaandike majibu ya mambo manne: Nani ametia nini? Nia yetu yatugharimu nini, na nani atalipa? Nani ana neno la mwisho tusipopatana? Mtu akitaka kutoka, au akifa, fungu lake litakadiriwaje? Kisha wampelekee yule rafiki wa shauri ayasome.

Labda mmoja atasema, "Kuandika ni kutoaminiana." Sivyo. Aandikaye leo amwamini mwenzake; anachokiogopa ni siku ya njaa na siku ya faida kubwa, ambazo huwabadili hata watu wema. Na kama katika kuandika wakiona kwamba hawapatani, waiache kampuni na kubaki rafiki. Hilo nalo si hasara. Sisi tungalilifanya, rafiki zetu wawili wangalikuwa bado wanatutembelea.

Maswali ya kuzungumziwa

1. Katika kazi yako, ni nia gani ambayo hujaiandika gharama yake?
2. Kwa nini duka la Rochdale lilikataa kukopesha hata jirani? Je, mwenye duka wa mtaa wako aweza kufanya vivyo hivyo?
3. Ni kitu gani kingaliweza kulizuia lile azimio la mwaka 1862?
4. Ni rafiki gani awezaye kukuambia udhaifu wako bila kutaka kitu? Umekwisha kumwuliza?